Baada ya kung'oa gego: jinsi ya kuchunga meno yasisogelee pengo

Jino likishang'olewa, watu wengi hufuatilia mambo mawili tu: kama damu imekatika na kama maumivu yameisha. Hayo yakitulia, pengo husahauliwa, hasa likiwa nyuma ya mdomo mahali ambapo hata kicheko hakilifichui. Mimi hutengeneza meno ya bandia hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa hiyo vinywa vya watu hunifikia vikiwa vimegeuzwa plasta nyeupe, yaani sanamu ya meno yao, na plasta haifichi kitu: gego lililokuwa nyuma ya pengo limelala, la juu limeshuka, na nafasi iliyokuwa ya jino zima haitoshi tena. Maelezo haya nimemwandikia mtu aliyeng'olewa gego hivi karibuni, au anayetarajia kung'olewa, ambaye anataka kujua wakati wa kuhangaika, wakati wa kutulia, na namna ya kupima mwenyewe nyumbani.

Kwa nini jino husogea

Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzi nyembamba, ambazo unene wake wote ni kama sehemu ya tano ya milimita, na hizo ndizo zinazolishikilia jino ndani ya tundu lake. Mfupa wenyewe uko hai: upande unaosukumwa na mzizi huyeyuka taratibu na upande unaovutwa hujengwa upya, na waya za kunyoosha meno hutegemea tabia hiyo hiyo. Jino hutulia mahali pake kwa sababu limebanwa na majirani wa mbele na wa nyuma, linakutana na mwenzake wa taya la pili kila tunapotafuna, na ulimi na shavu vinaliegemea kutoka pande mbili. Ukiliondoa jino moja, meno matatu hupoteza kizuizi kwa siku moja.

La kwanza ni lile lililo nyuma ya pengo, ambalo huelekea mbele. Kwenye taya la chini mara nyingi halihami lote, bali kichwa chake huinama huku ncha za mizizi zikibaki karibu na zilipokuwa. Anayeishi kwenye vilima vya Kadutu au Bagira, mitaa ya hapa Bukavu, amekwisha kuliona jambo hili kwa macho: mkaratusi ulio juu ya mteremko ambao jirani amechimba udongo wake ili ajenge, hauanguki siku ile ile, bali huinama mvua baada ya mvua kuelekea kwenye shimo. Kwenye taya la juu gego hupenda kusogea likiwa wima zaidi, huku likijizungusha juu ya mzizi wake wa ndani. La pili ni jino lililo mbele ya pengo, ambalo linaweza kurudi nyuma kidogo na kuacha upenyo mbele yake, na upenyo huo hunasa nyuzi za nyama na majani ya sombe kila mlo. La tatu ni lile lililokuwa likikutana na jino lililoondoka. Hilo likikosa wa kulipokea hushuka ikiwa liko juu, au hupanda ikiwa liko chini.

Hata hivyo sipendi kuwatia watu hofu, kwa sababu haya hayatokei kwa kipimo kimoja kwa kila mtu. Kwa watu wazima wengi meno husogea milimita moja au mbili tu kwa miaka kadhaa, na wapo ambao meno yao ya juu na ya chini yameshikana vizuri kiasi kwamba pengo hubaki lilivyo. Wanaosogelewa zaidi ni vijana, wenye ugonjwa wa fizi, na wale waliong'olewa gego la kwanza, yaani lile lililoota wakiwa na umri wa miaka 6 au 7. Kwa kuwa huwezi kujua kwa kubahatisha uko kundi gani, inafaa upime.

Si kila gego lina uzito mmoja

Gego la mwisho, lile ambalo wengine huliita jino la akili, liking'olewa haliachi kazi kubwa ya kuchunga pengo, kwani hakuna jino nyuma yake la kulala mbele, na kwa kawaida halihitaji kuwekewa mbadala. Nimesikia pia watu wakisema kwamba jino hilo ndilo linalosukuma meno ya mbele yakapishana, na kwamba likitolewa yatanyooka yenyewe. Hayatanyooka. Gego la pili liking'olewa kwa mtu asiye na la tatu, jambo la kuangalia ni hasa mwenzake wa taya lingine. Gego la kwanza ndilo lenye matata, kwa sababu lina jirani mbele na nyuma, na kwa sababu pengo lake ni pana: kwa mtu mzima, gego la kwanza la chini lina upana wa karibu milimita 11, na la juu karibu milimita 10.

Kabla ya koleo

Ukiwa bado hujang'oa, muulize daktari wa meno swali moja kabla ya sindano ya ganzi: je, jino hili linaweza kutibiwa mzizi, yaani kusafishwa na kuzibwa ndani, na kubaki? Kung'oa ni rahisi siku ya kung'oa. Matibabu ya mzizi huonekana ghali, na najua kwa nini mama mwenye watoto watano huchagua koleo, lakini bei ya kung'oa inapaswa kujumlishwa na bei ya kitakachowekwa kwenye pengo, na hapo hesabu mara nyingi hubadilika. Ikiwa jino limeoza hadi chini ya ufizi au limepasuka mzizi, hakuna la kubishania. Omba tu kwamba, kama kifaa kipo, ipigwe radio (picha ya eksirei) ya meno ya upande huo, na uulize kama majirani wana afya na nani atakutana na pengo kutoka taya la pili.

Siku za kwanza nazipitia haraka. Uma pamba au gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) kwa nusu saa hadi dakika 45. Kwa saa 24 usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinyonye sukari baridi ya chupa (soda) kwa mrija, na usivute sigara, kwa maana donge la damu lililo ndani ya tundu ndilo kifuniko cha mfupa. Kuanzia siku ya pili sukutua polepole kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja. Maumivu yakipungua kisha yakarudi kwa nguvu siku ya tatu, pamoja na harufu mbaya, donge limetoka na inabidi urudi kwa daktari. Na ukivimba hadi shingoni, ukapata homa au ukashindwa kumeza au kufungua mdomo, usisubiri kesho. Endelea kupiga mswaki meno ya upande huo. Wengi huacha kabisa kuuosha upande wa pengo kwa woga, na baada ya mwezi jino la jirani nalo linaanza kuuma.

Namna ya kupima pengo

Ufizi hufunga juu ya tundu ndani ya wiki chache, lakini chini yake mfupa huendelea kujaza kwa miezi. Wakati huo huo ukingo wa mfupa unapungua unene: katika mwaka wa kwanza hupoteza karibu nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Kwa hiyo anza kupima ufizi ukishatulia, tuseme wiki ya tatu, wakati majirani bado hawajapata nafasi ya kwenda mbali.

Chukua chupa tupu ya maji ya plastiki, ukate ukanda mrefu kama kidole, uuoshe kwa sabuni, kisha ukate ncha yake polepole kwa mkasi mpaka iingie katikati ya meno mawili yaliyopakana na pengo, ikigusa kila upande bila kulazimishwa. Ukanda uwe mrefu ili usiweze kumezwa, na ndiyo sababu sishauri njiti ya kiberiti iliyokatwa fupi, ingawa nimeona wanaoitumia. Karatasi ngumu nayo haifai, kwani ikilowa mate huvimba na kukudanganya. Pima mahali palipotuna zaidi pa meno yote mawili, karibu na sehemu ya kutafunia, si chini kwenye ufizi, kwa sababu jino linaloinama hukaribia kwanza kwa kichwa chake huku shingo ikionekana haijasogea. Andika tarehe kwenye ukanda kwa kalamu isiyofutika na uuweke pamoja na vyeti vyako vya hospitali.

Baada ya miezi mitatu uurudishe mdomoni. Ukiingia kama siku ile, hakuna kilichohama. Ukikataa, kata ukanda wa pili unaoingia, uulaze juu ya ule wa kwanza na usome tofauti kwa rula ya mwanafunzi. Tofauti iliyo chini ya milimita moja inaweza kuwa makosa ya mkono wako; ikifika milimita moja na nusu au zaidi, nenda ukaonwe, usisubiri ijirudie.

Jino linaloshuka halipimwi kwa ukanda. Simama mbele ya kioo, ufungue mdomo kidogo, mtu wa nyumbani akumulikie kwa tochi ya simu na apige picha kutoka pembeni huku kijiko kikivuta shavu. Kwenye picha angalia mstari wa ncha za meno ya taya la pili: lile linalotazama pengo lisizidi majirani zake. Rudia kila baada ya miezi mitatu ukisimama mahali pale pale, kwani picha ikipigwa kutoka pembe nyingine itakuonyesha mabadiliko yasiyokuwepo. Dalili nyingine utazisikia bila kifaa: chakula kinachonasa mahali ambapo hakikuwa kikinasa, uzi wa meno unaopita bila kugusa kati ya meno yaliyokuwa yamebanana, au jino moja linalogonga kabla ya mengine unapofunga mdomo, mpaka taya linateleza kidogo kando ili kulikwepa.

Nini kiwekwe, na lini

Jibu la kwanza linaweza kuwa kwamba kisiwekwe kitu. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walieleza kwamba mtu mzima mwenye meno yote ya mbele na magego madogo yanayokutana vizuri, jumla meno 20 hivi, anaweza kutafuna kwa kuridhisha bila kujaza kila pengo la nyuma. Mzee anayekula bugali na samaki wadogo wa sambaza bila taabu, ambaye ukanda wake haujabadilika kwa mwaka mzima, sina sababu ya kumuuzia jino, ijapokuwa kuuza meno ndiko kunakonilisha.

Kwa asiye na fedha kwa sasa lakini hataki kupoteza nafasi, kuna kifuniko chembamba cha plastiki angavu kinachofinyangwa juu ya plasta ya meno yake na kuvaliwa usiku. Hakitafuni, ila kinayashikilia majirani mahali pao hadi fedha ipatikane. Watu wachache hukiulizia, nami naona ni hasara, kwa sababu ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote ninavyotengeneza.

Meno ya bandia ya kuvua, ambayo hapa huitwa protezi, hutengenezwa kwa rezini, aina ya plastiki, na kushikwa na vibanio vya waya. Protezi ya muda inaweza kuvaliwa mapema, lakini ile ya kudumu isubiri miezi miwili au mitatu hadi ufizi upate umbo lake. Likiwa ni gego moja, kataa kijino kidogo kinachokaa upande mmoja tu: ukimeza mate usingizini, nacho kinaweza kuondoka nayo. Protezi inapaswa kuvuka hadi upande wa pili wa taya, ivuliwe usiku na ilazwe ndani ya maji. Kataa pia jino la rezini linalogandishwa moja kwa moja kwenye majirani na fundi asiye na cheti, maana chini yake mswaki hauingii. Nimepokea vinywa ambavyo, kwa kutaka kujaza pengo moja, vilipata matatu.

Daraja la kudumu, yaani jino la bandia linaloshikiliwa na meno ya pande zote mbili, huhitaji kuchonga majirani wote wawili, kwa hiyo lina maana zaidi ikiwa majirani hao tayari wana vijazio vikubwa, na lina maana ndogo ikiwa ni meno mazima. Implanti, yaani skrubu ya titani inayopandwa mfupani, haigusi jirani, lakini hudai mfupa wa kutosha na nafasi isiyopungua milimita 7 hivi kati ya meno, na kwa kawaida hupandwa miezi mitatu hadi sita baada ya kung'oa. Nafasi hiyo ndiyo ukanda wako wa plastiki unayoilinda.

Niliwahi kuletewa plasta ya taya la chini la baba mmoja wa Kadutu, pengo la gego la kwanza la kushoto, milimita 11 kamili. Nikamchongea protezi. Fedha yake ikaenda kwenye minervali (karo ya shule) ya watoto, na kazi yangu ikabaki ndani ya kisanduku kwa miezi kumi na minne. Alipokuja kuichukua ilikaa mdomoni kama kiti ambacho mguu mmoja umekanyaga jiwe. Akaitoa, akaiangalia, akasema, «Fundi, umenipa jino la mtu mwingine.» Nilitoa plasta ya zamani, daktari akachukua alama mpya ya meno yake, nikaziweka mbili hizo mezani mbele yake: pengo lilikuwa limebaki chini kidogo ya milimita 8, na gego la nyuma lilikuwa limeinamisha kichwa ndani yake. Kosa lilikuwa langu pia, kwani sikumwambia siku ya kwanza kwamba plasta inaonyesha mdomo wa wiki ile tu. Tangu hapo ninaandika tarehe kubwa juu ya kila kisanduku, na ikipita miezi miwili namwita mwenyewe. Anayeivua protezi na kuiweka kabatini kwa wiki kadhaa hufikia mahali pale pale, isipokuwa kwake hufika bila kuona.

Ikiwa ni mtoto

Gego la kwanza la kudumu huota nyuma ya meno yote ya utoto, bila jino lolote kutoka kwanza, na kwa hiyo wazazi wengi hudhani ni jino la utoto ambalo litabadilishwa. Halibadilishwi. Nalo ndilo ambalo miwa na peremende hulianza mapema kuliko mengine ya kudumu.

Kwa upande mwingine, magego ya utoto, ambayo hutarajiwa kukaa hadi umri wa miaka 10 au 12, yakitolewa mapema huacha nafasi ambayo gego la miaka 6 huikimbilia, na gego dogo lililokuwa likisubiri chini hukosa mlango. Omba daktari akuambie kama inafaa kuwekwa kishikilia nafasi, ambacho ni pete ya chuma yenye kitanzi cha waya, na ukumbuke kumrudisha mtoto ili kishikilia hicho kionwe, kwani pete ikilegea hukusanya uozo chini yake.

Ipo hali moja ambapo kusogea ni jambo la kutakwa. Mtoto wa miaka 8 hadi 10 mwenye gego la kwanza lililoharibika kabisa anaweza kung'olewa kwa makusudi wakati gego la pili bado linajengwa ndani ya taya, ili liote likielekea mbele na kuchukua nafasi hiyo. Uamuzi huo hutegemea radio inayoonyesha mizizi ya gego la pili imefikia wapi, na ukichelewa miaka miwili au mitatu, jino lile lile ambalo lingekuja wima huja limelala.

Ikiwa limekwisha kulala

Gego lililoinama linaweza kuinuliwa kwa waya, kazi inayochukua miezi sita hadi mwaka kwa kawaida, ilimradi fizi ziwe na afya. Mwinamo ukiwa mdogo, daraja bado linaweza kujengwa juu yake. Ukizidi nyuzi 25 au 30 madaktari wengi hulikataa kama nguzo. Jino lililoshuka kidogo huweza kupunguzwa ncha, na lililoshuka sana huhitaji taji, yaani kofia ya kufunika jino, mara nyingine baada ya kutibiwa mzizi. Usikubali lichongwe na mtu anayetaka tu protezi yake iingie.

Kama hakuna hata moja la hayo linalowezekana kwa sasa, kazi inayobaki ni usafi wa ule uso wa mbele wa gego lililolala, kwa maana kati yake na ufizi huwa kuna mfuko ambao mswaki wa kawaida huupita juu. Chukua mswaki wa mtoto wenye kichwa kidogo, uuelekeze kutoka kwenye pengo kwenda nyuma, ncha zake zikitazama chini ya kichwa cha jino, usugue kwa miduara midogo huku ukihesabu hadi ishirini. Siku mbili tatu za kwanza ufizi huo unaweza kutoa damu kidogo. Ikiendelea kutoka baada ya wiki mbili, au jino likianza kutikisika, mpelekee daktari mdomo huo pamoja na ukanda wako wenye tarehe.